Nina malkia mzima, yeye hana kete ya kusogeza, naambiwa SARE! Hivi hii chesi ina haki kweli?

Wakuu, leo sina hata salamu. Naandika nikiwa Chikongola, saa tano usiku, usingizi umegoma. Nikifumba macho naona ngome moja inanifuata fuata kama inzi wa feri.

Leo kulikuwa na mashindano madogo ya chesi hapa Mtwara mjini. Raundi sita, dakika 15 kila mtu. Si ya kutangazwa redioni: turubai, meza nane, saa za kugonga za kuazima, na zawadi ya mshindi kilo 5 za korosho zilizobanguliwa pamoja na 40,000. Mnaoijua bei ya korosho iliyobanguliwa mnaelewa kwa nini nilioga mapema.

Naingia raundi ya mwisho nina pointi 4 na nusu. Kijana aliyekuwa meza ya pembeni alishamaliza mchezo wake, ana 5. Nikishinda nafika 5 na nusu, mzigo wangu. Na niliyepangiwa ni fundi friji mmoja wa Mikindani ambaye kwa kweli nilikuwa namsagasaga. Dakika ya kumi hivi nimeshamla karibu kila kitu. Amebaki na mfalme, ngome moja na askari mmoja. Mimi nina malkia na askari wawili.

Hapa mtu mwenye haya anashusha mfalme wake, anatoa mkono, tunakwenda kunywa kahawa. Huyu bwana akaanza vituko. Nikiwa ndani ya dakika zangu, nafikiri, ananiambia: "Kaka, tugawane?" Nikatikisa kichwa. Hatua mbili mbele: "Kaka, sare basi, watu wana njaa." Mara ya tatu hakuuliza, alihema tu kwa nguvu, akajishika shavu, akasema "mie nimekwisha" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Na mimi mjinga nikamwonea huruma!

Niwape picha, maana najua wajuaji watakuja. Mfalme wake yuko kona ya h8 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Askari wake wa h7 hana pa kwenda, askari wangu yuko h6 amemkaba. Ngome yake iko e7. Mfalme wangu g2. Nikampeleka malkia d5 kwa mbwembwe zote, natishia kushuka d8 nimalize kazi. Akashusha ngome mpaka e2, cheki, yaani mfalme wangu kashambuliwa. Nikasogea f3, namkabili, nimemfukuza. Akaileta ngome e3, cheki, imenigusa bega! Haina mlinzi, haina chochote. Nikaila. Nikaila kwa mfalme, nikaipigisha mezani kabisa, nikagonga saa.

Jamaa hakugusa kitu. Akainua mikono juu, akamwita mwamuzi.

Kwa msiojua: mfalme wake hakuwa kwenye cheki, lakini g8 inaangaliwa na malkia wangu, g7 na askari wangu, na askari wake amekwama. Hana hatua hata moja halali. Hiyo wanaiita stelimeti, kanuni ya 5.2.1 ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mchezo unaishia hapo hapo, nusu kwa nusu. Nikabaki na 5, tukalingana na yule kijana, wakapiga hesabu zao za kutenganisha, ikambeba yeye. Mimi nikapewa mkono na soda.

Sasa malalamiko yangu, na msinijibu juu juu.

Sisi huku tumekulia bao na drafti. Kwenye drafti ukibanwa ukakosa pa kusogea, umefungwa. Kwenye bao ukikosa kete ya kucheza, umefungwa, unainuka, anakaa mwingine. Hakuna mjadala. Palikuwa na mzee mmoja anatazama, bingwa wa bao toka sijazaliwa, hata yeye alishangaa. "We kijana, huyo mwenzio si hana pa kwenda? Mbona hawakupi mchezo wako?" Nikamwambia mzee, wanasema sare. Akanitazama kama nimemtukana. "Yaani umemfungia mtu ndani, ufunguo unao wewe, halafu mnagawana nyumba?"

NDIYO MZEE. Tunagawana nyumba.

Hii ni kangomba, wakuu, ule ulanguzi wa korosho. Mtu mwaka mzima hakupalilia, hakupulizia dawa, anakuja na kibakuli chake siku ya mwisho anaondoka na nusu ya gunia lako. Tofauti ni kwamba kangomba wa korosho serikali inamsaka, huyu wa chesi analindwa na kitabu cha sheria.

Na si mara ya kwanza kwa mtu huyu huyu! Mwezi uliopita, kijiweni, nilikuwa na malkia na yeye ana askari kafika f2, bado hatua moja ageuke. Nikampiga cheki kutoka g3. Badala ya kumlinda askari wake akakimbilia kona ya h1, kamwacha wazi kabisa. Nikimla, mfalme hana pa kwenda. Nisipomla, anageuka malkia. Akanicheka pale pale, "kula kaka, usiogope." Kumbe ni jambo linalojulikana kabisa, askari wa pembeni na wale wa c na f wanaweza kumponza malkia hivyo kama mfalme wako yuko mbali. Wa kati hawana ujanja huo. Nani aliniambia? Hakuna.

Nimetoka hapo nimesoma mpaka historia ya hii sheria, kwa hasira tu. Uingereza kuanzia karne ya 17 walikuwa na kanuni mbaya zaidi: ukimkwamisha mwenzako hivyo, UNAPOTEZA wewe. Walikuja kuiacha mwanzoni mwa karne ya 19. Yaani ningezaliwa London enzi hizo, leo ningetoka na sifuri. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia toka 1894 mpaka 1921, alitaka anayemkwamisha mwenzake apate walau kipande cha pointi zaidi. Bingwa wa dunia huyo! Hawakumsikiliza.

Halafu lile la kuomba omba sare. Kanuni ya 11.5 inakataza kumsumbua mpinzani, na maombi ya sare yasiyo na msingi yametajwa humo. Nilimwambia mwamuzi. Akaniuliza, "Wakati anakuomba ulilalamika?" Sikulalamika. "Basi." Akaendelea kukunja turubai.

NYONGEZA, saa sita kasoro: Naona mmeamka wote kunishambulia. Mkuu uliyeleta ule mchezo wa Evans na Reshevsky, wakali wa chesi wa Marekani, uliochezwa New York, mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963/64, asante kwa kunitonesha kidonda. Nimeucheza wote kwenye ubao. Reshevsky yuko mbele kwa kete, anakula askari mmoja tu wa bure, Evans anatoa malkia, halafu anatoa ngome inayopiga cheki bila kukoma, na huwezi kuila bila kumkwamisha. Sawa, wakubwa nao wamepigwa. Reshevsky lakini hakuwa amemuahidi mtu korosho.

NYONGEZA ya pili: Kuna mmoja ameandika kwamba nilipopigwa cheki ya e3 ningekwenda f4 tu. Nilikataa, nikapanga kete upya hapa kitandani. Mfalme f4. Akija e4 kunipiga cheki, nala kwa MALKIA, malkia anaiacha g8, mfalme wake anapata pa kukanyaga, anakwenda g8 kwa lazima, nashuka e8, chekmeti. Akija f3, nala kwa malkia vile vile, mchezo unaendelea na yeye hana kitu. Nimerudia mara nne. Ni kweli.

Kwa hiyo nilikuwa na hatua ya ushindi, na nilikuwa na dakika 3 na ushee za kuitafuta. Haya, chekeni. Bado nasema asiye na pa kwenda amefungwa.

Yule fundi amenitumia ujumbe sasa hivi: "Kaka pole, Jumamosi uje Mikindani nikupe marudiano, pweza juu yangu." Nimemsoma, sijamjibu. Nitakwenda.

Shida iliyobaki ni nyumbani. Asubuhi nilimwambia mke wangu asinunue chochote cha kutafuna, zinakuja kilo tano. Nimepitia kwa wanaopanga barabarani nikachukua robo, nikamwambia ndiyo zawadi ya mshindi wa pili. Wa Chikongola mnaomfahamu, naomba mnistiri.