Naomba ushauri: ngozi au reksini kwa Noah ninayoitengeneza ndani mwenyewe nyumbani

SamaniNsambya
Wakubwa shikamooni, na wenzangu hamjambo. Mimi ni fundi wa sofa hapa Nsambya, Kampala, huu mwaka wa 11, na kwa mara ya kwanza nimeamua kutengeneza gari kwa ndani, kwa mikono yangu, uani kwangu. Gari ni Toyota Noah. Nakusudia kuondoa viti vya katikati na mahali pake niweke benchi la mbao za mvule linalotazama nyuma, lenye povu la inchi 4 na vifungo vilivyozamishwa kama vya sofa za Chesterfield, kisha niviviringishie viti vya mbele kitambaa hicho hicho, nitandike sakafu ya plaiwudi na kutia taa ndogo pembeni, ili gari lifae kubeba maharusi na wazee wanaokwenda kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Michoro iko tayari na nimeanza kupima. Swali langu ni moja tu: nitumie ngozi halisi au reksini, yaani ngozi ya bandia, na uzi uwe wa rangi ya maziwa au ya damu ya mzee? Kazi lazima iishe kabla ya tarehe 20 Desemba, na kusema kweli sipati usingizi kwa kuiwaza.

MamaWatatu_Jinja
Mwanangu, chukua reksini. Marehemu mume wangu alikuwa na Corolla yenye viti vya ngozi, nasi tuliipenda gari ile kuliko nyumba. Ngozi hutaka kufutwa na kupakwa mafuta yake mara kwa mara, lakini yeye alikuwa akiliacha gari juani kutwa nzima, na baada ya miaka michache viti vilipasuka kama visigino vya mkulima. Watoto wangu wote watatu walibebwa kutoka hospitali wakiwa wachanga juu ya viti hivyo, na hadi leo nikisikia harufu ya ngozi namkumbuka baba yao. Rangi ya damu ya mzee itapendeza. Gari likikamilika hivyo ulivyoeleza, wageni watavua viatu mlangoni kabla ya kupanda.

Cherehani_Kisenyi
Nashona viti vya magari, kwa hiyo nitajibu la uzi. Rangi ni hiari yako, lakini usitumie uzi wa pamba hata kidogo, kwa maana jua huuchoma na jasho huuozesha. Tumia uzi mnene wa poliesta au nailoni, na sindano nene inayolingana nao. Cherehani ya nyumbani itapita tabaka mbili za reksini, lakini ukifika kwenye mshono wenye tabaka nne itaruka mishono au kuvunja sindano. Usikate kitambaa kwa kupima kiti kwa futi kama upimavyo sofa. Fumua gamba la zamani mshono kwa mshono, tia alama za chaki mahali vipande vinapokutana, kisha vipande hivyo hivyo ndivyo viwe ramani yako. Gundi nayo iwe ile inayostahimili joto, kwa sababu dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 60, na gundi ya kawaida ya sofa hulegea ikapandisha mapovu kabla hujamaliza kupokea pongezi.

Tatizo langu ni povu lako. Povu la kiti cha gari humiminwa kwenye umbo lake na ni gumu kuliko la sofa. Mtu hakai akazama. Tena kuna suala la moto. Kanuni ya Marekani inayojulikana kama FMVSS 302 inataka vifaa vya ndani ya gari, kama povu na magamba ya viti, visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kata kipande cha povu lako, kipeleke nje mbali na gundi, ukiwashe, nawe utajionea mwenyewe kasi yake.

DerevaMstaafu_Gulu
Nimeendesha magari ya abiria kwa miaka 30, mara nyingi kati ya Gulu na Kampala, na sijali uzi una rangi gani. Niambie benchi hilo litashikwa na nini kwenye sakafu, na mikanda ya usalama ya hao wazee itafungwa wapi. Niliwahi kuona gari dogo lililogonga mti karibu na Karuma. Kiti cha nyuma, ambacho mwenyewe alikiongeza, kilikuwa kimeng'oka na kuwafuata waliokaa mbele. Tangu siku hiyo sijapanda gari lolote kabla ya kukitikisa kiti kwa mikono miwili. Pia napenda kujua kwa nini tarehe 20, wakati fundi anayefanya kazi yake mwenyewe hana wa kumharakisha.

SamaniNsambya
Nawashukuru nyote. Mzee wangu wa Gulu, benchi nitalifunga kwa boliti nne zinazopita kwenye plaiwudi na bati la sakafu, na mbao za mvule haziozi wala hazipindi, nazifahamu. Mikanda sijaifikiria sana, kwa kuwa wazee wetu wenyewe hawapendi kufungwa wakiwa wamevaa kanzu na koti. Mbao nimeshazinunua, na vitu vilivyonunuliwa havirudishwi dukani. Kuhusu tarehe, ndiyo siku anayorudi. Naomba basi turejee kwenye swali la ngozi na reksini.

MwalimuMasaka
Ndugu, anayerudi ni nani?

SamaniNsambya
Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye yuko kazini Dubai. Gari ni lake. Kabla ya kuondoka aliniambia nilitunze kama langu, na mimi nimeyachukua maneno hayo kama alivyoyasema. Nataka alikute limekuwa zuri kuliko alivyoliacha, kisha tulikodishe pamoja na kugawana mapato, kwa sababu kazi ya sofa imepungua mwaka huu. Sijamweleza kwa kuwa nataka iwe zawadi. Sidhani kama nimekosa.

MamaWatatu_Jinja
Mwanangu, kutunza na kukata ni maneno mawili. Mtu akikuachia mbuzi akasema mtunze kama wako, hakukuruhusu umchinje kwa kuwa nawe wako huwachinja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hiyo Noah ni nguo ya kuazima. Mpigie dada yako leo, usingoje kesho.

DerevaMstaafu_Gulu
Nami naongeza hesabu, kwa sababu maneno matupu hayakumwingia. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga na mwili wa abiria ukasimamishwa ndani ya nusu mita, nguvu inayomsukuma inakaribia mara 20 ya uzito wake. Mzee wa kilo 70 atalivuta benchi lako kama mzigo wa kilo 1,400 hivi, nao wazee watatu ni zaidi ya tani 4. Bati la sakafu ya gari ni jembamba. Kichwa cha boliti kitalichana na kupita. Kiwanda kiliweka vituo vilivyoimarishwa kwa chuma mahali viti na mikanda vinapofungwa, na hivyo ndivyo pekee vya kutegemea. Kiti cha gari ni sehemu ya mwili wa gari, na hapo ndipo ujuzi wako wa sofa, ambao siudharau, unapokudanganya.

Mtafiti_Arua
Naomba radhi, lakini nimeusoma mjadala huu tangu mwanzo na naona hadithi imetungwa. Fundi wa sofa wa miaka 11 anatuuliza ngozi au reksini, jambo ambalo mwanagenzi wa miezi mitatu analijua? Mara ya kwanza gari ni lake, mara ya pili ni la shemeji, na kila anapobanwa huongeza mtu mwingine kwenye simulizi. Kama gari lipo kweli, atujibu mambo mawili ambayo hawezi kuyajua mtu asiyewahi kung'oa viti: alikuta nini chini ya kapeti, na plagi iliyo chini ya kiti cha dereva ina rangi gani?

MwalimuMasaka
Mtafiti, hata kama imetungwa, wapo vijana wengi wanaoyafanya haya uani kwao usiku huu, na majibu ya mzee wa Gulu yatawafaa. Lakini na aulizwe. Maswali yako ni ya haki.

SamaniNsambya
Nimeumia kuitwa mwongo, nami nitajibu. Sofa huwa ndani ya nyumba, haikai juani, ndiyo maana niliuliza kuhusu ngozi. Chini ya kapeti nilikuta pamba ngumu ya kijivu iliyobandikwa na kiwanda, hereni moja ya dada yangu aliyokuwa ameitafuta mwaka mzima, na sarafu ya Kijapani ya yeni 5, ile yenye tundu katikati, ambayo bila shaka ilisafiri na gari kutoka huko. Plagi zilikuwa zaidi ya moja. Mojawapo ni ya njano. Hiyo ya njano ilikataa kuachia, na kwa kuwa nilikuwa na haraka nikaikata kwa koleo. Sasa viti vyote vya mbele viko sebuleni juu ya magazeti, na nilipowasha gari taa yenye picha ya mtu na puto iliwaka kwenye dashibodi na haijazimika. Nilitaka kuwauliza kuhusu taa hiyo tangu mwanzo, ila niliogopa mngeniambia niache kazi.

Mtafiti_Arua
Nimeridhika kwamba gari lipo, na ninaomba msamaha wa dhati. Ningefurahi zaidi kama ungekuwa umetunga.

Cherehani_Kisenyi
Ndugu yangu, weka mkasi chini. Plagi ya njano ni ya mfuko wa hewa. Angalia ubavu wa kiti, upande wa mlango, kama kuna kibandiko kidogo chenye maandishi SRS AIRBAG. Kikiwapo, ndani ya kiti kilicho sebuleni kwako kuna kifaa chenye baruti. Watoto wasikikaribie. Usizisokote nyaya hizo ukazifunga kwa utepe, wala usizipime kwa mita ya umeme, kwa sababu hata mkondo mdogo wa mita unaweza kuulipua mfuko. Kwa desturi tunaondoa waya hasi wa betri na kungoja angalau sekunde 90 ndipo tuguse plagi yoyote ya njano, nayo hufunguliwa kwa kuvuta kifungio chake kidogo, bila kulazimishwa. Mtafute fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma hitilafu, umweleze wazi ulichokata.

Na mpango wa kuviviringishia viti vya mbele reksini kama mto wa sofa hauwezekani tena. Gamba la kiti chenye mfuko wa hewa lina mshono maalumu ubavuni, ulioshonwa kwa uzi dhaifu ili upasuke mara moja mfuko unapofumuka. Ukiufunika kwa reksini nzima, umemfungia dereva mfuko wake.

SamaniNsambya
Kibandiko kipo, kwenye viti vyote viwili. Nimetoa waya wa betri, na sebule nimeifunga kwa ufunguo. Nimempigia dada yangu mara mbili hajapokea, nitampigia tena baada ya swala ya isha. Benchi la mvule sitaki kuliacha, ni kazi nzuri, ila naona litafaa barazani kwangu. Viti vya katikati bado ninavyo, nilikuwa nimepanga kuvipeleka Kisekka, kwenye soko la vipuri vya magari, kuviuza wiki ijayo. Boliti zao zote na za mikanda nimezihifadhi kwenye kopo la Blue Band, hakuna hata moja iliyopotea. Nikivirudisha kwenye vituo vyake vya kiwandani, je, naweza kuvivisha gamba jipya juu ya fremu zao wenyewe?

Cherehani_Kisenyi
Hivyo vya katikati unaweza, baada ya kukagua kama navyo havina kibandiko na shemeji yako akikubali. Fumua gamba moja, uje nalo Kisenyi siku ya Jumanne, tulikate pamoja. Njoo na reksini ya damu ya mzee.