Naomba ushauri: kamba za velkro zimeacha kushika

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa jambo dogo linalonisumbua.

Nilichoshwa na vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, maana ukishakaza, kukifungua ni mpaka mkasi. Nikahamia kamba za velkro, zenye upande wa vijindoano na upande wa manyoya. Nyaya za nyuma ya televisheni zikapendeza kweli.

Sasa, miezi kadhaa baadaye, vijindoano vimejaa nywele na nyuzi za zulia. Nimesugua kwa mswaki mkavu, nikachokoa kwa sindano (kazi ya kuchosha macho hiyo). Zimepata nafuu kidogo. Ila ile iliyofunga mpira wa maji huko nje imelegea kabisa, nahisi ni jua.

Je, kuna njia nzuri ya kusafisha bila kuharibu vijindoano? Na kwa vitu vizito kama mpira huo na ngazi ninayoifunga ukutani, nichukue velkro pana zaidi, au vile vifungo vya plastiki vyenye kilimi cha kubonyeza vikafunguka? Ngazi ndiyo inanitia hofu, watoto wanapita hapo kila saa.