Naombeni ushauri: muvi za uchawi za Hong Kong, niendelee na ipi?

Wakuu habari zenu, muvi za kutisha za Marekani zimenichosha, mlango unajifunga wenyewe basi watu wanapiga kelele. Nikahamia Hong Kong kwa zile za kulogana za miaka ya 80 na sasa silali.

Nimeanza na Bewitched ya 1981, jamaa anaenda kula bata Thailand anamdanganya binti wa watu afu anasepa, analogwa mpaka anamuua mwanae wa kumzaa. Nikaunganisha na The Boxer's Omen ya 1983, mwongozaji yuleyule Kuei Chih-Hung wa studio ya Shaw Brothers, aisee ile haina adabu kabisa, mganga kichwa kinachomoka kinaruka na utumbo unaning'inia, wengine wanatafuna uchafu wanatema mwenzao anaudaka anautafuna tena. Msiangalie mkila.

Sasa naomba msaada, kuna Centipede Horror ya 1982 na Seeding of a Ghost ya 1983, ile ya dereva teksi anayeenda kwa mchawi baada ya mkewe kuuawa. Nianze na ipi? Mimi tandu naogopa kuliko nyoka na nasikia kwenye Centipede Horror wametumia tandu wa kweli, je inavumilika au niachane nayo?

Pia nataka yenye sauti ya Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, na sabtaito, maana nyingi nazokutana nazo zimeingizwa sauti za Kizungu unacheka badala ya kuogopa. Na za miaka ya 90 zipo zinazofikia hizi au walishapoa?