Tunaenda Herrnhut na kikundi cha kanisa, mliowahi kutembelea makanisa ya Ujerumani mlirudi na nini?

Mwana_Tukuyu:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mi ni Mmoravian wa huku Rungwe, ushirika wetu umenichagua niwe mmoja wa watu nane tunaoenda Ujerumani mwezi wa tano, wiki tatu, zaidi tutakaa Herrnhut, kale kamji walikotoka wamisionari waliotuletea kanisa letu, na vijiji vya jirani afu siku chache Dresden na Leipzig. Wenzetu wa kule walikuja huku mwaka juzi wakalala majumbani kwetu, sasa zamu yetu. Visa tayari tumepata, Mungu ni mwema.

Kinachoninyima usingizi ni watu waliochanga nauli. Kuna bibi mmoja alileta mkungu wa ndizi ukapigwa mnada baada ya ibada, kila anayenunua anaurudisha uuzwe tena, ukazunguka mara nne. Huyo bibi atakaa benchi la mbele nikirudi. Siwezi kusimama mbele yake nikamwonyesha picha za barabara na kusema wenzetu wameendelea. Naombeni mliowahi kwenda mniambie mlijifunza nini hasa, na nyie mnaona tuangalie nini?

MamaKwaya_Mbeya:
Amina mwanangu. Mimi nilienda na kwaya miaka kadhaa nyuma, Herrnhut nilikaa siku tisa. Nitaandika kirefu univumilie.

Kwanza usiende ukitegemea kuona kanisa la kutisha. Ule ukumbi wao wa ibada ni mweupe, mabenchi meupe, kuta nyeupe, mbele hamna mimbari ya juu wala madhabahu, ni meza tu. Nilivyoingia nikajiuliza hivi ndo hapa? Sisi tumefundishwa tangu Sunday school kwamba walianza wakimbizi wachache wa imani kutoka Moravia, Czech ya leo, mwaka 1722 kwenye shamba la Zinzendorf, yule mtawala Mjerumani aliyewapokea, na miaka kumi baadaye wakawa tayari wanatuma wamisionari visiwa vya Karibi, kijiji hata hakijakaa vizuri! Unakaa kwenye lile benchi unafikiria ushirika wako umetuma wapi mtu.

Pili nenda makaburini, na uende peke yako mbali na kelele za kikundi. Yako kilimani, wanapaita Shamba la Mungu. Mawe yote yamelazwa chini, saizi moja, awe profesa awe mfua nguo, ndugu wa kiume upande mmoja na wa kike upande mwingine. Familia ya Zinzendorf ndo wamejengewa makubwa katikati, hilo sitakuficha. Lakini waliobaki wote sawa. Nilimkuta mama mzee amepiga magoti anasugua ukungu wa kijani kwenye jiwe kwa brashi ndogo kama ya viatu, nikajua ni la mumewe, kumbe anasafisha ya watu wa zamani ambao hata ukoo wao haupo tena. Juu ya jiwe kulikuwa na neno la Kijerumani, akanieleza kwa ishara, akaonyesha mlango wa nyumba akaonyesha juu: amekwenda nyumbani. Mwanangu nililia. Nilikumbuka sisi huku tunavyouza shamba tuweke marumaru na vigae kwenye kaburi afu mjane anabaki na deni.

Tatu, asubuhi mwenyeji wangu alifungua kile kitabu kidogo cha bluu cha mafungu ya kila siku kabla ya kumwaga chai. Tunajua wanayapigia kura palepale Herrnhut, zaidi ya mafungu 1,800 ya Agano la Kale yako kwenye chombo wanachota moja moja kwa kila siku ya mwaka, na kitabu kinachapwa tangu 1731. Lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Nilimpigia baba Neema nyumbani nikamuuliza leo mmesoma nini, akanitajia fungu lilelile. Mimi na yule mama wa Kijerumani hatuna lugha moja hata ya kuombana chumvi, ila siku hiyo tulikuwa tumelishwa neno moja.

Mmachame:
Mama umenigusa sana. Mi KKKT, yaani Mlutheri, tulienda Leipzig sababu wamisionari wa Leipzig ndo waliofika kwetu Machame 1893. Kwa Mwana_Tukuyu nina mawili, la kwanza linauma.

Usiku wa kwanza kabisa, hata mabegi hatujafungua, mzee mmoja wa kikundi chetu akatoa bahasha yenye proposal ya kuezeka kanisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Wenyeji walipokea kwa heshima ila wiki yote iliyobaki walikuwa wanaongea na sisi kama watu wanaosubiri kuombwa. Kaeni mkubaliane kabla ya kupanda ndege kwamba hamna mtu ataomba hela, hata akiulizwa mnahitaji nini. Na wao pia wana yao, kuna usharika mmoja walitaka tuimbe na kucheza na vitenge kila mahali tukifika, makofi mengi, ila hamna aliyetuuliza sisi tunaamini nini. Siku moja mwinjilisti wetu akasema kwa upole, leo tunaomba tuhubiri. Wakakubali. Ndo siku watu walibaki hadi saa tisa wanauliza maswali.

La pili, pale Leipzig ingieni kanisa la Nikolaikirche jumatatu jioni. Wanafanya maombi ya amani kila jumatatu tangu 1982, walianza wachache sana, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 wakatoka wakaandamana mjini na mishumaa kupinga serikali ya kikomunisti, hamna risasi iliyopigwa, mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Tulikuta watu kama arobaini tu wanaomba. Sisi tukiona arobaini tunasema kanisa limekufa.

Kijana_Dresden:
Naishi huku mwaka wa sita. Mchango wangu mfupi tu. Ibada inaanza saa nne kamili, maana yake saa nne kasorobo umeshakaa. Usiku watakuletea mkate, jibini na matango, ndo chakula chenyewe hicho, usikae unasubiri sufuria. Na makanisa mengi ya vijijini utakuta watu kumi na tano, wazee watupu, msionyeshe huruma usoni jamani. Hapa jimbo la Saksonia watu walipita miaka arobaini ya serikali ya kikomunisti ambayo mtoto akienda kipaimara anaweza kukosa nafasi ya shule. Yule bibi wa miaka themanini unayemwona amekaa peke yake kwenye benchi alilipia imani yake. Muulizeni. Hawajisemi mpaka waulizwe.

Kingine, huku mshahara unakatwa kodi ya kanisa kama umesajiliwa Mlutheri au Mkatoliki, kwa hapa ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Ila Wamoravian hawako kwenye mfumo huo, wanachanga wenyewe. Kwahiyo mkiwaona Herrnhut msidhani kuna hazina ya serikali nyuma yao.

Mtazamaji77:
Naheshimu mliochangia ila nauli ya watu nane ingejenga nyumba ya mwinjilisti. Tunaenda kujifunza nini kwenye makanisa matupu?

MamaKwaya_Mbeya:
Mtazamaji mwanangu swali lako ni halali na lisikuchukize nikijibu. Nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani ni hii yetu, na imani hii ililetwa Rungwe 1891 na watu waliotumwa kutoka kwenye kale kamji ka Herrnhut. Wengine walikufa kwa homa hata Kinyakyusa hawajakijua. Wajukuu wa waliowatuma sasa ni wachache, wamechoka. Mama yako akizeeka huendi kumwangalia kwasababu nyumba imekuwa tupu? Mimi nilienda kumshika mkono.

Mwana_Tukuyu:
Nimesoma yote kwa machozi. Nimeongea na wenzangu jana baada ya mazoezi, wote tumekubaliana hamna bahasha. Tumeamua pia kila mmoja amtafute mzee mmoja wa kule amuulize habari za maisha yake na ayaandike. Mama naomba uniambie makaburi yako upande gani ukitoka ukumbini.

MamaKwaya_Mbeya:
Utaona njia yenye miti pande zote inapanda kilimani, huwezi kupotea. Nenda asubuhi kabla ya chai.

Mjukuu_Rutenganio:
Samahani nimechelewa kwenye uzi. Kaka, pale Herrnhut kuna nyumba ya nyaraka za kanisa, wametunza barua na picha za wamisionari. Babu wa baba yangu alibatizwa Rutenganio wakati wa Wajerumani, sisi hatuna hata picha yake moja. Ukipata nafasi naomba uwaulize kama kuna picha za Rutenganio za miaka hiyo. Hata ya ushirika mzima tu, nitamtafuta mwenyewe.