Mtambo wa joto "unaobana matumizi" juu ya paa la saluni yangu: mwaka wa pili nalipia baridi

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la biashara. Uacheni hapa hapa Ughaibuni, maana wanaopigwa ni sisi tulio huku.

Jumatatu nimefungua saluni saa mbili asubuhi, ndani nyuzi 9. Nje ilikuwa 26 chini ya sifuri. Mteja wa kwanza alikuwa na miadi ya rasta ndogondogo za mgongoni, kazi ya saa sita. Amekaa kitini dakika ishirini na koti lake, kofia kavua kanipa kichwa, meno yanagongana. Msusi wangu vidole vimekufa ganzi, hawezi hata kugawa nywele. Mteja kanyanyuka: "Dada samahani, nitarudi kukiwa na joto." Dola 240 zimetoka mlangoni hivyo, nazitazama. Mchana wamefuata wengine wawili. Na hii ni mara ya nne majira haya.

Sasa nianze mwanzo, nimechoka kunyamaza.

Niko Brooklyn Park, Minnesota. Fremu yangu ina viti sita, iko kwenye haya majengo yasiyo na ghorofa ambayo maduka yamepangana kama mabehewa, magari yanaegeshwa mbele. Kulia kwangu mama mmoja wa Kiliberia anauza chakula, kushoto wanajaza watu fomu za kodi. Juu ya paa kila fremu ina boksi lake kubwa la chuma. Hilo boksi ndilo kila kitu: kiangazi linapoza, baridi linachoma gesi na kupuliza hewa ya moto kwenye matundu ya dari. Likizima, huna pa kukimbilia. Heta ndogo za kuchomeka ukutani ukiwasha mbili pamoja na draya za nywele, umeme unakatika fremu nzima.

Boksi langu la zamani lilikuwa bovu la sura tu. Limekwaruzwa, lina kutu, linaunguruma kama lori la mkaa. Lakini lilituvusha Januari 2019, ile wiki Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na nilisuka siku zote nilizofungua. Mwaka juzi ukaguzi ukakuta ufa kwenye ile sehemu moto wa gesi unapopashia hewa. Hapo sina ubishi. Ufa pale maana yake moshi unaweza kuchanganyika na hewa tunayovuta, na ile sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Libadilishwe, sawa kabisa.

Wakala wa mwenye jengo akaja na karatasi zake za rangi. Eti tunawekewa mtambo wa kisasa, asilimia 91, bili ya gesi "itashuka mpaka utashangaa". Nimeshangaa kweli. Januari kabla ya mtambo mpya nililipa gesi dola 312. Januari hii nimelipa 421. Saa za kazi zilezile, viti vilevile, na mara nne nimekaa bila joto kabisa!

Nikaanza kusoma. Mimi ni msusi, lakini darasa la hesabu nilikaa. Zile asilimia ni kiasi cha joto la gesi kinachoingia kwenye hewa yako badala ya kupotea na moshi. Mitambo ya kawaida ya paani iko 80, 81. Na hiyo 81 ndiyo chini kabisa inayoruhusiwa na serikali ya Marekani kwa ile mikubwa ya gesi ya majengo ya biashara tangu Januari 2023, kwa hiyo hata ukichukua wa bei rahisi huanzii sifuri. Ili nipate joto la vipimo 100, wa 81 unachoma gesi ya 123 na wa 91 unachoma ya 110. Tofauti ni kama asilimia 11. Kwenye bili yangu ya dola 312 hiyo ni dola 34, tena mwezi mkali kuliko yote. Ukijumlisha miezi yote ya baridi, mimi kwa fremu yangu naokoa kama dola 130 kwa mwaka, mtambo ukiwa mzima na kila kitu kikienda sawa.

Wakati huohuo kwenye gharama za pamoja za jengo nimeongezewa dola 187 kila mwezi, kwa miezi 84. Pigeni wenyewe: 15,708. Akiba ya mwaka mzima haifiki malipo ya mwezi mmoja. Najua mtambo ungebadilishwa tu na wa kawaida nao una bei yake, sitaki kudanganya mtu. Ila nilipouliza ya kawaida ilikuwa shilingi ngapi, kimya. Nikauliza na ile pesa ya motisha ambayo kampuni za gesi za hapa huwarudishia wanaofunga mitambo ya aina hii imekwenda wapi, wakala kaniandikia mstari mmoja: imelipwa kwa mmiliki wa jengo. Kwa hiyo mmiliki kapata mtambo mpya, kapata motisha, na mimi nampa 187 kila mwezi. Baridi peke yake ndiyo niliyoachiwa mimi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtambo wenyewe hauna kosa. Hili nataka mlielewe, kwa sababu hapa ndipo nilipopigwa changa la macho. Gesi ikiungua inatoa mvuke wa maji, mwingi kuliko unavyodhani. Kilo moja ya methani inatoa kilo mbili na robo za maji. Mtambo wa kawaida unautupa mvuke ule nje na joto lake. Huu wa asilimia 91 unaupitisha moshi kwenye sehemu ya pili, unapoa mpaka mvuke unageuka maji, na katika kugeuka kule unaachia joto. Ndiyo hiyo kumi ya ziada. Akili nzuri sana. Lakini sasa una maji, siku ya baridi kali ndoo nzima na zaidi, na si maji ya kunywa, yana ukali wa kukaribia siki. Yanatakiwa yapite kwenye chombo chenye vipande vya chokaa yapoe ukali, kisha yateremke ndani ya jengo kwenye bomba la maji machafu, mahali penye joto.

Yangu yamepitishwa wapi? Juu ya paa. Bomba la plastiki la hatua tano, wazi, Minnesota, Januari! Linaganda. Likiganda maji yanarudi nyuma mpaka kwenye njia ya moshi, swichi ya presha inaona moshi hauna pa kupita, mtambo unakataa kuwaka. Unajaribu mara tatu unajifunga. Na uko sahihi kujifunga, nisingependa uendelee. Mjinga ni aliyelaza bomba pale.

Fundi wa wakala kaja mara ya kwanza na birika la maji ya moto. Kamwagia, barafu imeyeyuka, mtambo umewaka, kaondoka. Ankara dola 165, kwa jina langu. Mara ya pili birika lilelile, 165. Mara ya tatu nikamuuliza kwa heshima zote, kaka, hili bomba halina dawa? Kanijibu "baridi ya mwaka huu ni mbaya". Baridi ya Minnesota ni mbaya! Nimemshukuru kwa habari hiyo, nikalipa tena 165.

Mara ya nne, Jumatatu hii, nimemwita fundi wangu mwenyewe. Mzee wa makamo, mpole, wateja wake wengi ni makanisa na masinagogi yenye mitambo kama hii. Kapanda na ngazi, kakaa juu saa nzima kwenye upepo ule, kashuka na picha kwenye simu. Ya kwanza: waya wa kupasha joto upo, umezungushwa kwenye bomba vizuri kabisa, kazi safi, kama rasta za bibi harusi. Ila ncha yake inaning'inia. Haujaunganishwa na umeme. Miaka miwili!

Picha ya pili ndiyo imenifanya niandike uzi huu.

Ubavuni mwa mtambo kuna kijimlango cha mabati cha kuingizia hewa ya nje. Lazima kiwepo, watu wanahitaji hewa safi, na saluni yenye dawa za nywele ndiyo zaidi. Kinafunguka kidogo mkiwepo, usiku kinafungwa. Kipupwe kikiwa cha wastani kinafunguka chote ili upoze bure bila kuwasha kiyoyozi. Changu kimekwama theluthi wazi, na mtambo umeachwa na kile kijiwaya cha kiwandani kinachouambia kwamba watu wapo saa zote 24. Saa nane ya usiku, saluni tupu, feni inavuta upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri, gesi inaupasha, viti vitupu vinaota moto.

Mzee kanipigia hesabu nyuma ya karatasi ya ankara. Mtambo wangu unachoma Btu (kipimo cha joto cha huku) 115,000 kwa saa. Kumi ya ziada niliyouziwa kwa mbwembwe ni kama 11,500. Hewa ya ziada inayoingia kwenye kile kijimlango kaikadiria futi za ujazo 400 kwa dakika. Kuipasha kutoka nyuzi 18 chini ya sifuri mpaka 21 inakula Btu 30,000 kwa saa. Yaani naokoa moja mbele, natupa mbili na nusu nyuma, mchana na usiku. Ule mkweche wa zamani na kijimlango kinachofunga ungenilisha vizuri kuliko huu.

Nikamuuliza, walipoufunga si walitakiwa kukagua haya yote? Kacheka. Kanionyesha ndani ya mlango wa mtambo kuna mfuko wa plastiki na karatasi ya kuwashia mtambo mara ya kwanza: presha ya gesi, joto linaloingia na kutoka, nafasi ya kijimlango, sahihi. Iko tupu. Haijaguswa hata na kalamu ya risasi.

Nimempigia wakala. "Hayo ni matengenezo, na matengenezo kwa mkataba wako ni ya mpangaji." Mkataba wangu ni ile aina ambayo mpangaji anabeba kodi ya jengo, bima na matengenezo juu ya pango. Nilisaini upya 2021, nilikuwa na haraka, kila mtu anasaini hivyo. Lakini niambieni wakuu: kazi ambayo haikumaliziwa siku ya kwanza inaitwaje matengenezo? Ukinunua gari halina breki, kufunga breki ni sevisi?

Mama wa Kiliberia naye kaniambia la kwake limezima mara tatu, analipa 165 zilezile, alidhani ni yeye peke yake. Mlango wa tatu hivyohivyo. Fundi yule yule, birika lile lile. Tumekaa jana jikoni kwake, tumepanga ankara mezani: kwa fremu tatu zinafika tisa.

NYONGEZA, saa tano usiku: nimesoma maoni yenu.

Anayesema "dada rudi nyumbani, Dar hakuna baridi": nyumbani nitarudi siku nikitaka, kwa sasa nataka dola 495 zangu.

Anayesema nihamie pampu ya joto ya umeme: boksi si langu. Mpangaji hachagui, analipa tu. Ndiyo msiba wenyewe.

Mkuu uliyesema una hoja kuhusu mkataba, ahsante, nimeukuta mstari. Unasema matengenezo ya kawaida ni ya mpangaji, ila kubadilisha mtambo ni juu ya mmiliki na anaruhusiwa kuturudishia gharama kidogo kidogo. Kama gharama ya kuufunga iko kwao, na kuufunga hakukukamilika, basi bomba, waya na kijimlango viko kwao. Nimewaandikia hivyo kwa barua pepe, na picha zote, na ile karatasi tupu, na nakala kwa fremu zote tatu. Nimedai mambo manne: bomba literemshwe ndani, kijimlango na saa za usiku zirekebishwe, karatasi ijazwe mbele yangu, na ankara zote tisa zifutwe. 

Kama kuna mwanasheria wa mikataba ya pango Hennepin County anayesoma hapa, au mtu aliyewahi kushinda kesi ya namna hii, anijie PM tafadhali. Si ushauri wa maombi, nimeshaomba.

Wakala kajibu dakika kumi zilizopita. Fundi anakuja kesho saa tatu asubuhi "kuangalia". Jumamosi nina bibi harusi na wasimamizi wake wanne. Nimeazima ngazi ya pili kwa mama jirani, nitapanda naye, na akitoa birika nampiga picha.