Psycho II (1983): mwendelezo mzuri unaopitwa kando?

Mpenzi_wa_Rili:
Wadau, mjadala wa muvi za visu ukianza ni Halloween na Friday the 13th, basi. Psycho ya 1960, ya mwongozaji Alfred Hitchcock, kila mtu anaiheshimu, lakini ukitaja ile ya pili, ya 1983, unaambiwa "walikuja kuvuna jina la Hitchcock tu" na mada inahama. Nauliza walioitazama kwa makini: inasimama kwa miguu yake, au inabebwa na ya kwanza? Na anayetaka kuiona leo aangalie nini? Anayetaka kusema mwisho wake atoe onyo kwanza, tafadhali.

Chumba_Namba_Moja:
Inasimama. Ujanja wake ni kuigeuza hofu. Katika muvi nyingi za aina hii unakaa ukijiuliza nani anafuata kufa. Hapa Norman Bates, muuaji wa filamu ya kwanza, ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miaka 22, kapewa kazi ya msaidizi jikoni kwenye mgahawa, na wewe mtazamaji unajikuta unamwombea apone. Kisha simu zinaanza kulia, anayeongea ni "mama", yaani mama yake aliyekwisha kufa zamani. Kikaratasi cha "mama" kinatokea katikati ya oda za wateja. Ama kuna mtu anamchezea, ama akili inamtoka tena, na filamu inakaa na swali hilo muda mrefu bila kukuhurumia.

Anthony Perkins anabeba uzito wote kwa macho na koo. Tazama anapomwandalia Mary, yule msichana wa mgahawani, chakula jikoni: kigugumizi chake anapotaka kutaja visu na uma kinatisha kuliko damu yote inayomwagika humo.

Hilo la kuvuna jina, angalia walioitengeneza. Mtayarishaji Hilton Green alikuwa msaidizi wa Hitchcock kwenye filamu ya 1960. Mwongozaji ni Richard Franklin, Mwaustralia aliyetoka kutengeneza Roadgames (1981). Skripti ni ya Tom Holland, ambaye baadaye, 1988, aliongoza Child's Play, ile ya mdoli Chucky. Kamera iko mikononi mwa Dean Cundey, aliyepiga Halloween ya 1978. Na msichotarajia: Robert Bloch, mwenye riwaya ya asili, alitoa kitabu chake cha Psycho II mwaka 1982, lakini filamu haikukifuata. Ni hadithi mbili tofauti kabisa, msichanganye.

Taa_Zimezimwa:
Upande wa kutazama, niongeze haya.

Anza na ya 1960, ikiwezekana usiku wa jana yake. Si kwa heshima, ni kwa sababu ya pili inafungua kwa kurudia tukio la bafuni lenyewe, Marion anapouawa kwa kisu, halafu nyumba ya kilimani inatoka nyeusi-na-nyeupe na kuingia rangi taratibu kunapokucha. Watu wengi wanapeleka mbele hapo wakidhani ni kumbushio tu. Usipeleke. Na kumbuka jina ambalo Marion aliandika kwenye kitabu cha wageni mwaka 1960: Marie Samuels. Litakusaidia mapema kuliko Norman mwenyewe.

Kwenye runinga mpya zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha, unaifanya ionekane kama tamthilia ya mchana. Mwanga usiushushe sana, matukio ya chini ya nyumba, kwenye makaa, yanageuka kiza kitupu. Epuka nakala za zamani zilizokatwa pembeni zijaze skrini ya mraba. Picha zinazotazama kutoka juu kabisa ya nyumba, zilizounganishwa na michoro ya Albert Whitlock (huyu naye alifanya kazi na Hitchcock), zinahitaji upana wake wote.

Masikio pia. Muziki ni wa Jerry Goldsmith, na hakukimbilia zile fidla za 1960 zinazopiga mayowe. Norman anapiga Beethoven kwenye piano, na upole ule ndio unaokutia wasiwasi.

Kisu_Butu:
ONYO, nataja mwisho.

Naipenda, ila msiivike taji bure. Kijana anayeuawa kule chini baada ya kupenya dirishani na mpenzi wake aliwekwa kwa ajili ya watazamaji wa 1983 waliozoea kuhesabu maiti. Ukimtoa, hadithi haiyumbi. Kisu cha mdomoni kwa Lila, ndugu yake Marion, nacho ni mashindano na muvi nyingine za wakati ule. Tatizo kubwa zaidi ni hesabu za njama: Lila na binti yake Mary wanamchezea Norman ili arudishwe hospitali, na wakati huohuo Bi Spool wa mgahawani anaua watu akiwa na gauni la mama. Kambi mbili, nyumba moja, na hazigongani? Halafu Spool anakuja mwishoni kueleza kila kitu kwa mdomo, kwamba eti yeye ndiye mama mzazi wa Norman.

Chumba_Namba_Moja:
ONYO linaendelea.

La kugongana nakubali, hapo skripti inaomba msamaha wa bure. La Spool nakataa. Yupo tangu siku ya kwanza ya Norman kazini, mama mpole ambaye hakuna anayemwangalia mara mbili, kwa hiyo hakuchomekwa. Na maelezo yake hayafungi kitu, yanamsogeza tu Norman karibu na koleo, yaani beleshi. Rudi nyuma uhesabu: katika filamu nzima, hadi hapo, Norman hajaua mtu. Kisu anachoshika kwenye vurugu za mwisho anakishika upande wa makali, akijikata viganja, bado anamsihi Mary. Polisi wanampiga Mary risasi na kumtwika mauaji yote. Norman anatoka msafi mbele ya sheria, anampa Spool chai yenye sumu, na pigo lile moja la koleo ndilo la kwanza lake. Sisi tuliozoea kwamba stelingi hafi, 1960 walituulia stelingi kabla ya nusu ya muvi. 1983 wakamwacha hai, wakamrudisha kwa mama.

Mpenzi_wa_Rili:
Nimeelewa. Ya tatu niendelee nayo moja kwa moja?

Taa_Zimezimwa:
Acha siku kadhaa. Ya 1986 aliiongoza Perkins mwenyewe, na ina picha kali, ila inabadilisha habari ya Spool: anakuwa mama mdogo, si mama mzazi. Ukiziunganisha usiku mmoja, lile koleo linapoteza uzito kabla hujalala.