Tupeane uzoefu: kuacha ngano katika nyumba inayopika chapati

Mama Wawili, Tanga

Nawasalimu nyote. Nimeona niuanzishe uzi huu kwa ajili yetu tulioambiwa na daktari kwamba tuache ngano, si kwa mwezi mmoja wala kwa nia ya kupunguza mwili, bali kwa maisha yote. Mimi niliambiwa hivyo mwaka 2021, baada ya miaka sita ya kutibiwa amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na kila mara nikirudi nyumbani na mfuko wa dawa na tumbo langu lilelile. Kilichonifikisha kwenye jibu hakikuwa tumbo bali damu. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza miezi na miezi na kipimo kikarudi palepale, mpaka daktari mmoja kijana akauliza mbona chuma kinaingia mdomoni lakini hakifiki kwenye damu. Akaagiza kipimo cha kingamwili, kisha nikaingizwa mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo mdogo, kikakatwa kipande kidogo cha ukuta wake, na jibu likaja kwamba ni siliaki. Ule utando wenye vinyweleo vinavyofyonza chakula ulikuwa umelala kama nyasi zilizokanyagwa, kwa sababu kinga ya mwili wangu wenyewe huushambulia kila gluteni inapopita.

Kwa wasioijua, gluteni ni zile protini za ngano, shayiri na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai, na ndizo zinazoufanya unga wa chapati uvutike. Chukueni donge la unga uliokandwa, mlioshe taratibu kwenye bakuli la maji mpaka weupe wote utoke. Kinachobaki mkononi, kinachonata na kuvutika kama bigijii iliyokwisha sukari, ndicho hicho.

Nilidhani nitakosa chakula, lakini wali, ugali, ndizi, muhogo, viazi, maharage, samaki na nyama vyote ni vyangu kama zamani. Kilichonishinda ni chai ya asubuhi na nyumba za watu. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa shangazi yake mume wangu baada ya kupimwa, nilikuta chapati kumi na mbili zimefunikwa kawa, amezisukuma tangu alfajiri kwa ajili yangu. Nilipoeleza, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kipande tu, kipande hakimdhuru mtu." Nilikila. Siku tatu zilizofuata sikuzimaliza vizuri, na yeye mpaka leo hajui, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumwambia.

Naomba kila mmoja aeleze aliyoyapitia mwenyewe, na si aliyoyasikia kwa watu.

Baba Neema, Moshi

Asante, dada, kwa kufungua mlango huu. Mgonjwa kwangu ni mtoto wa kiume, alipimwa akiwa na miaka tisa. Alikuwa mfupi kuliko mdogo wake, tumbo limejaa na mikono kama vijiti, na sisi wazazi tulikuwa tukimpa dawa za minyoo kila baada ya miezi mitatu kwa moyo mweupe kabisa.

Kosa letu kubwa lilikuwa uji wa lishe. Tulipoambiwa aache ngano, tulimwondolea mkate, maandazi na tambi, kisha tukamwongezea uji ili apate nguvu, na mtoto akazidi kudhoofika. Ilitupita wiki nne nzima kabla mama yake hajaugeuza mfuko na kusoma kwa nyuma: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele na ngano. Neno lenyewe lilikuwa la mwisho kwenye orodha, limeandikwa kwa herufi ndogo. Tangu siku hiyo tunanunua ulezi sokoni, tunaupeta, tunauosha, tunauanika na kwenda kuusaga wenyewe.

Hapo napo tukakutana na mtihani wa pili, nao ni mashine ya kusaga. Mashine haijui ugonjwa wa mtu. Aliyetangulia akisaga ngano, unga wake unabaki kwenye jiwe, kwenye chujio na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mdomoni, na kilo zako za kwanza hutoka zimechanganyika na zake. Tulijaribu kuwahi asubuhi, lakini mabaki ya jana yalikuwa bado yamo. Mwishowe tulipatana na mzee mmoja ambaye mashine yake husaga mahindi makavu peke yake. Tunatanguliza debe dogo la mahindi yetu kusafisha njia, unga huo tunawapa kuku, ndipo ulezi wa mtoto unafuata. Mke wangu alitaka tununue kinu na mchi, nami nilikataa kwa sababu nilijua atakayetwanga ni nani.

Shuleni, kwa kuwa ni bweni, tulimwandikia mkuu wa shule barua, tukaambatanisha cheti cha daktari, na mpishi akakubali kumwekea sufuria lake. Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wiki ya tatu mpishi mwingine akashika zamu, na mtoto akala mkate kama wenzake kwa kuogopa kuulizwa. Kwa hiyo nawashauri wenye watoto kwamba barua haitoshi. Mtoto mwenyewe afundishwe kusema, tena asemee mbele ya wenzake bila aibu.

Mpishi wa Ng'ambo, Unguja

Mama Wawili, pole sana, na huyo shangazi usimlaumu, maana kwetu kumkirimu mtu ni kumlisha. Mimi nina miaka kumi na minne bila ngano. Nitasema la jikoni, kwa kuwa ndilo ninalolijua.

Ramadhani ya kwanza nililia. Sambusa, kaimati, visheti, tambi za sukari, mkate wa maji, katlesi zilizoviringishwa kwenye chenga za mkate, na boko boko, ambalo wengi husahau kwamba ni ngano nzima iliyopondwa na nyama: vyote vimepangwa kwenye mkeka, na mimi nakodolea macho tende. Kisha mama yangu, Mungu amrehemu, akaniuliza swali moja: "Hivyo bibi yako alikuwa akifuturu nini unga wa ngano ulipokuwa adimu?" Jibu lilikuwa mkate wa kumimina, vibibi, vitumbua, mkate wa mofa wa mtama, muhogo wa nazi na ndizi mbivu za tui. Nusu ya futari ya zamani haikuwa na ngano hata chembe.

Mkate wa kumimina naupika kila Ijumaa. Mchele unalowekwa usiku kucha, asubuhi unasagwa na tui zito la nazi, hamira na iliki mpaka ulainike kabisa, maana chenga zikibaki mkate unakaa chini. Sukari natia baada ya kuumuka. Ute wa yai naupiga pembeni na kuuchanganya mwishoni kwa mkono mwepesi. Sufuria lipakwe mafuta na lipate moto kwanza. Unapomimina usikie linalia. Ukiona matundu yanafunguka juu kama mashimo ya kaa ufukweni, funika na uweke makaa juu ya kifuniko. Usiukoroge tena wala usifunue kila dakika, kwani mkate wa mchele hauna kitu cha kuushikilia isipokuwa hewa yake.

Chapati nazo zinawezekana, ila msitegemee zivutike. Unga wa mtama au wa mchele umwagiwe maji yanayochemka, ukandwe ungali moto, utandazwe kwa kiganja juu ya kipande cha jani la mgomba, kwa kuwa kifimbo kitaupasua. Kingo zitachanika tu. Ziliwe papo hapo. Zikilala zinakuwa vigae.

Sasa tahadhari, na hapa nasema kwa uchungu. Vitumbua vya barabarani msivile kwa kuamini jina. Mchele ni ghali, na wauzaji wengi huongeza kikombe cha unga wa ngano ili vishikane. Bajia za dengu hali ni hiyohiyo. Urojo mara nyingi huwekewa uzito kwa unga wa ngano. Na mvuje wa unga, kile kiungo cha harufu kali tunachotia kwenye dengu, ule unaouzwa kwenye vikopo, soma lebo, kwani mwingi umechanganywa na ngano. Mimi ulinisumbua mwaka mzima nikiitilia shaka dengu isiyo na hatia.

Kijana wa Kinondoni

Nitakuwa mfupi. Bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, kwa hiyo niliziacha, na marafiki wawili wakaondoka pamoja nazo. Nyama choma ninaiagiza ya chumvi na ndimu tu, kwa sababu sosi nyeusi ya soya hupikwa na ngano. Chipsi zilinichanganya akili kwa muda mrefu, maana kiazi hakina kosa. Siku moja nikasimama karibu na karai na kuona mafuta yaleyale yakikaangia sambusa, kisha chipsi zangu. Sasa nauliza kwanza. Muuzaji akinuna, nakula mahindi ya kuchoma.

Mwanakwaya, Bukoba

Kuna jambo moja ambalo halijagusiwa, nalo lilinitesa kuliko chapati. Sisi Wakatoliki hostia yetu, yaani mkate wa komunyo, lazima iwe ya ngano. Nilikaa miezi mitano bila kupokea komunyo, watu wakaanza kunitazama, na katika kigango kidogo unajua wanachofikiri mtu akibaki kwenye benchi kila Jumapili. Nilipomwendea paroko alinieleza kwamba ipo barua kutoka Roma ya mwaka 2003: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye kiasi kidogo sana, kinachotosha kuufanya uwe mkate, inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo hupokea kwa divai peke yake. Hostia hizo hatukuzipata, tukachagua divai. Lakini padri humega kipande cha hostia na kukitia kwenye kalisi yake, kwa hiyo mimi nawekewa kikombe changu kidogo, kimefunikwa, pembeni ya altare. Wenye shida kama yangu msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Msafiri, Uholanzi

Huku nilipo mambo ni mepesi kwa upande mmoja na magumu kwa upande mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha nafaka zenye gluteni ziandikwe kwa herufi zilizokolezwa kwenye orodha ya viambato, na maneno "bila gluteni" hayaruhusiwi kuandikwa isipokuwa chakula hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Nilichelewa kujua kwamba "bila ngano" ni jambo jingine: biskuti isiyo na ngano inaweza kuwa na shayiri au rai, nami nilizila pakiti mbili kabla ya kuelimika. Nafaka ya uji wa asubuhi, ile inayoitwa oti, yenyewe ina protini tofauti ambayo wengi wetu huimudu, lakini hulimwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo natafuta iliyoandikwa waziwazi.

Ugumu ni bei na upweke. Mkate wao maalumu ni mdogo, mkavu na ghali, nami nimeuacha. Narudi kwenye unga wa sembe, ndizi za kupika na mchele kutoka maduka ya Waafrika na Wasurinamu. Mtaalamu wa lishe aliyenipokea alinisimulia kwamba ni katika nchi hiihii ndiko jambo lenyewe lilikothibitika. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930, kisha katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ulipotoweka, watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu wakati kila mtu anadhoofika, na mkate uliporudi wakaugua tena. Aliyaandika katika tasnifu yake mwaka 1950. Nilipotoka pale nilimpigia mama simu Morogoro kumweleza, naye akauliza tu kama nimekula.

Chipukizi

Mimi sijapimwa, ila nimeacha ngano miezi miwili na tumbo limetulia. Nahofia kupoteza fedha kwenye vipimo. Je, niendelee tu?

Mama Wawili, Tanga

Mdogo wangu, nakusihi umwone daktari kabla hujaendelea, na umweleze kwamba umeshaacha. Kipimo cha kingamwili kinatafuta alama za vita, na vita vikisimama alama hupungua, hivyo unaweza kuambiwa huna kitu ilhali unacho. Mimi niliagizwa niendelee kula ngano mpaka siku ya kukatwa kile kipande, na nilikula huku nalia. Kama ni siliaki, hata chembe itakudhuru na ndugu zako wa damu nao inafaa wapimwe; kama si siliaki, huenda ni jambo jingine kabisa linalohitaji dawa yake. Hayo mawili hayaishi maisha ya namna moja.

Baba Neema, la mashine limenifungua macho, maana hapa kwetu nilikuwa nalaumu mtama. Bi Mpishi, naomba jambo moja: kikaango na mwiko umetenga, au unaosha tu?

Mpishi wa Ng'ambo, Unguja

Sufuria la bati au la chuma laini, likisuguliwa vizuri kwa sabuni, halina neno. Mwiko wa mti, ubao wa kusukumia, chungio na kile kikaango cha chapati kilichoganda miaka kumi, hivyo tenga; mti unakunywa unga na matundu ya chungio hayasafiki. Vyangu nimevifunga uzi mwekundu kwenye mpini na vinaning'inia upande wa dirisha. Wajukuu wanajua, wageni wanaulizia, na paka peke yake ndiye asiyeheshimu.

Kuhusu shangazi wa mumeo, safari ijayo usiende mikono mitupu. Tangulia na kumimina wako umekunjwa kwenye kitambaa, umkabidhi mlangoni kabla hajafunua kawa.